Nozeli za waipa zinazopiga paa: kisa cha Corolla ya Wete

Gari ni Toyota Corolla ya mwaka 1998. Mwenyewe ni maalim wa skuli, anakaa Wete, kisiwani Pemba, na anasomesha Micheweni. Alikuja gereji na ombi moja: "Fundi, nikibonyeza maji ya waipa, upande wa abiria yanaruka paa, yanawamwagikia wenye vespa walioko nyuma. Upande wangu yanachuruzika tu hapo chini, waipa inapita kavu. Nilengee hizi nozeli, wala sikai."

Nikamjibu: "Maalim, kulenga nitakulengea, lakini itakuwa kazi ya mwisho. Niachie gari mpaka kesho." Hakufurahi, na namwelewa. Mtu akiona maji yanakwenda pahala siko, akili inamwambia geuza nozeli, yaani kile kidude chenye tundu la kutolea maji. Lakini maji hayaendi pale tundu linapotazama tu. Yanakwenda pale msukumo wake unapoyafikisha. Ukilenga kabla ya kuweka sawa msukumo, umelengea ugonjwa, na siku ugonjwa ukiondoka shabaha yako imepotea.

Njia anayopita Maalim inafaa nieleze, maana bila ya hiyo mtu ataona nimelikuza jambo dogo. Micheweni iko kaskazini mashariki ya Wete. Asubuhi anakwenda na jua liko mbele yake, alasiri anarudi na jua liko mbele yake tena. Upande wa Wete ni vilima, mikarafuu na udongo mwekundu, na masika, kuanzia Machi hadi Mei, gari yoyote iliyokutangulia inakurushia tope. Upande wa Micheweni ni nchi ya mawe, na kiangazi vumbi lake jeupe linakaa juu ya kioo pamoja na chumvi inayoletwa na upepo wa baharini. Kioo chenye vumbi ukiwa umelipa jua mgongo unaweza kukiona kizuri tu. Geuka ulielekee jua, kila chembe inawaka, na mtoto anayevuka kwenda skuli unamwona ameshafika katikati ya barabara.

Halafu kuna waipa kupita kavu. Vumbi la matumbawe ni laini kuliko kioo, lakini mchanga uliochanganyika na udongo mwekundu ni mgumu kuliko kioo, na mpira wa waipa ukiuburuza bila ya maji unachora mistari isiyofutika. Usiku, taa za gari inayokuja zinatawanyika kwenye mistari hiyo. Kwa hiyo maji ya waipa mimi nayaweka fungu moja na breki na taa, na gari inayotoka kwangu bila ya maji kiooni naiona haijatengenezwa.

Kabla ya kushika spana niliuliza. Maalim akanieleza kwamba mwaka uliopita aligonga ng'ombe jioni, boneti ikaenda kunyooshwa na kupigwa rangi upya. Baada ya hapo maji ya waipa yakaanza kuchelewa kutoka, kisha yakapungua upande wake. Gereji moja ikamwambia mota inayosukuma maji hayo imechoka. Akanunua mota mpya, ikanguruma vizuri, maji yakabaki vile vile. Mwisho akachukua pini ya ushungi ya mkewe akazibua na kugeuza matundu mwenyewe, zaidi ya mara moja. Nikamuuliza maji anajaza wapi. "Kisima cha skuli," akasema, "maji yenyewe si mabaya, yana chumvichumvi kidogo."

Majibu hayo yalikuwa na karibu kisa chote ndani yake. Boneti iliyofunguliwa na kurudishwa maana yake paipu zimechomolewa na kuchomekwa na mtu ambaye shughuli yake ni rangi, si maji. Kisima cha nchi ya mawe maana yake ni chokaa. Na pini ni pini.

Kijana ninayefanya naye kazi alisomeshwa na Maalim huyo huyo, basi akaishughulikia gari hii kwa moyo. Akaingia ndani, akawasha injini ili betri isitupotezee, akabonyeza. Mota ikanguruma mara moja. Maji hayakutoka mara moja. Zikapita kama sekunde mbili za ngurumo tupu, ndipo tundu la kushoto likarusha mshale mwembamba uliopita juu ya paa, na la kulia likatoa maji yaliyoanguka chini ya kioo. Nozeli za gari hii ziko mbili juu ya boneti, na kila moja ina gololi mbili ndogo zenye tundu. Ya kulia, gololi moja ilikuwa imekufa kabisa. Tukangoja kidogo, tukabonyeza tena: ule ucheleweshaji ukarudi.

Kuchelewa kule kunasema jambo moja wazi. Kwenye paipu kuna valvu ndogo inayoruhusu maji kwenda mbele tu, ili ukiachia swichi, paipu ibaki imejaa mpaka kwenye nozeli. Valvu ikishindwa kufunga, maji yote yanarudi kwenye tanki, na kila ukibonyeza, mota inaanza kujaza paipu tupu. Dereva anadhani mota ni dhaifu. Ndivyo Maalim alivyonunua mota asiyoihitaji.

Tofauti ya kushoto na kulia inataka maelezo marefu zaidi, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Mota ni moja, na paipu inayotoka kwake ni moja mpaka kwenye kiungo cha T chini ya boneti. Hapo ndipo inagawanyika, tawi moja kushoto, jengine kulia. Mota zenyewe zinasukuma kwa feni ndogo ndani yake. Tawi moja likizibika, maji yanayopita kwa jumla yanapungua na msukumo kwenye paipu unapanda, na tawi lililo wazi linapata zaidi ya haki yake. Kwa hiyo nozeli ya kushoto iliyokuwa ikiruka paa huenda haina kosa kubwa. Imepewa msukumo wa mwenzake.

Sasa tuseme ningemsikiliza Maalim nikalenga siku ile ile. Ningeishusha ya kushoto mpaka ipige katikati ya kioo, na ningeipandisha ya kulia mpaka itazame juu kabisa ili maji yake dhaifu yafike. Angeondoka ameridhika. Siku tawi la kulia likizibuka, hata kwa bahati, kulia maji yangeruka paa na kushoto yangeanguka kwenye boneti, na yeye angerudi kusema fundi hajui kulenga.

Ili nisifanye kazi kwa kukisia, nilichomoa paipu zote mbili kwenye nozeli, nikaziingiza kwenye chupa mbili za nusu lita, kijana akabonyeza sekunde tano. Nozeli hazimo tena kwenye hesabu hapo, zimebaki paipu tu. Chupa ya kulia ilipata chini ya nusu ya iliyopata ya kushoto. Hivyo basi, hata kama nozeli ya kulia ingekuwa mpya, bado isingefanya kazi yake. Kipimo hiki hakina gharama, na kinakwambia kama tatizo liko kabla ya nozeli au ndani ya nozeli. Sijui kwa nini hakifanywi zaidi.

Nikaifuata paipu ya kulia kwa vidole, kutoka kwenye nozeli kurudi kwenye T. Ilitakiwa ishikwe na klipu chini ya boneti. Klipu haikuwepo. Paipu ilikuwa imening'inia, na kila boneti ilipofungwa, ilibanwa kati ya boneti na ukingo wa bodi ulio chini ya kioo. Ilikuwa na alama bapa ya urefu wa kucha, na kwa joto la injini alama ile ilikuwa imekauka hivyo hivyo. Na kumbuka, kipimo cha chupa tulikifanya boneti ikiwa wazi, paipu ikiwa imepumua kidogo. Barabarani, boneti imefungwa, hali ilikuwa mbaya kuliko tulivyoiona.

Paipu nilibadilisha yote kuanzia T mpaka kulia, kwa sababu mpira uliokauka ukiunyoosha unapasuka. Ipashe joto ncha yake kwenye maji ya moto kabla ya kuiingiza, itapita bila ya kulazimishwa. Klipu nikaweka mpya mbili, na kabla ya kufunga boneti nikapaka paipu udongo mwekundu uliorowa, nikafunga, nikafungua, nikatazama kama kuna pahala udongo umeachwa kwenye bodi. Hakukuwa na alama.

Valvu ilikuwa kabla ya T. Nikaitoa, nikapuliza kwa mdomo: inatakiwa ipitishe upande mmoja tu, hii ilipitisha pande zote mbili. Kijiraba chake cha ndani kilikuwa kigumu, na chini yake kimekaa kipande cha chokaa. Tukaweka nyengine. Valvu hizi zina mshale unaoonesha maji yanakokwenda, na ukiigeuza, hupati tone, na utaanza kuishuku mota. Kwenye gari nyengine huikuti peke yake, imo ndani ya kiungo cha T au ndani ya nozeli yenyewe, basi usiitafute mpaka ukachoka.

Tanki lilikuwa na utelezi wa kijani ubavuni na mashapo meupe chini. Mota inachomekwa ubavuni mwa tanki kwenye mpira wa kuzibia, na nyuma yake kuna kichujio kidogo. Kichujio kilikuwa nusu kimeziba. Kukisafisha ni suala la maji na mswaki wa zamani, sina la kuongeza hapo, ila weka ndoo chini kabla ya kuchomoa mota.

Baada ya hayo nikarudia chupa mbili. Maji yakalingana. Ndipo nikazigeukia nozeli.

Nozeli hizi zinashikwa na vimeno viwili chini ya boneti. Plastiki ya umri huu haitaki nguvu. Iwekee kitambaa kilichotoka kwenye maji ya moto dakika moja, bonyeza vimeno kwa vidole, sukuma juu. Zote mbili zilikuwa na ukoko mweupe kuzunguka gololi, ule ule unaouona ndani ya birika la chai huku kwetu. Nikazilaza ndani ya siki usiku kucha. Chokaa ikikutana na siki inatoa vipovu, na vipovu vikiisha ujue siki imemaliza kazi yake au imechoka, basi uibadilishe. Ndimu nayo inafanya kazi hiyo, lakini nyuzinyuzi zake lazima uzichuje vizuri, usije ukatoa uchafu ukatia mwengine.

Asubuhi nikachukua bomba la sindano lisilo na sindano, nikasukuma maji kwa nyuma, yaani kutoka kwenye tundu kurudi kwenye mlango wa paipu. Uchafu uliingia ukitokea upande wa paipu, na ni mkubwa kuliko tundu. Ukiusukuma mbele unaukandamiza, ukiusukuma nyuma unatoka ulikoingilia. Kwa kilichobaki nikatumia uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme, mwembamba kuliko tundu, nao unapita bila ya kugusa ukuta. Kompresa ya gereji siipendi hapa. Ukiipuliza nozeli ikiwa bado imeungwa na paipu, unaweza kuchomoa kiungo pahala usipopaona, ukakigundua wiki ijayo.

Kisha nikazishika nozeli kuelekea jua moja moja. Ya kushoto, matundu ya mviringo. Ya kulia, tundu la juu zima, la chini limekuwa na umbo la yai. Hiyo ndiyo kazi ya pini ya ushungi. Pini ni ngumu, tundu ni plastiki, na mtu akiigeuza gololi kwa kuegemea ukuta wa tundu, ukuta unaliwa. Maji yanayotoka kwenye tundu la namna hiyo hayaendi mshale mmoja, yanachanika mara mbili au yanapinda. Kibaya zaidi, gololi yenyewe ilikuwa imelegea ndani ya kiti chake. Ukiilenga leo, mtikisiko wa barabara unaishusha kesho. Wapo wanaotia gundi ili isicheze. Gundi ikiteleza tone moja inaziba tundu, na hata isipoziba, gololi hiyo haitalengwa tena. Nozeli ya kulia ikawa si ya kurudishwa.

Nyengine tuliipata Chake Chake, kwenye spea zilizotumika zinazokuja na gari za Japani. Hapa nataka mnunuzi awe mwangalifu, kwani muuzaji atakwambia zote sawa. Angalia vimeno vyake na tundu la boneti lako, upana wa mdomo wa paipu, na khasa angalia aina yake. Ziko nozeli za gololi kama hizi, zinazorusha mishale. Na ziko zile zinazopuliza maji kwa upana, mfano wa feni, ambazo gari nyingi za miaka ya karibuni zinazo. Zile za feni hazina gololi ya kugeuza. Ndani yake kuna kijia kidogo kilichochorwa ili maji yayumbe kushoto na kulia kwa kasi, na ukipitisha pini humo umeharibu umbo hilo na feni imekwisha. Baadhi yake zina skrubu ya kupandisha na kushusha, nyengine hazirekebishiki, ukitaka pembe tofauti unabadilisha nozeli nzima. Ukichanganya feni upande mmoja na gololi upande mwengine, utarudi kule kule kwenye msukumo usiolingana. Tulitafuta ya gololi, gololi mbili, ngumu kugeuka. Ugumu huo ni sifa, ukiona inacheza kwa kidole iache hapo hapo dukani.

Sasa kulenga.

Gari ikae pahala tambarare, matairi yana upepo sawa, kioo kimeoshwa kikakauka. Nikakirowesha, kijana akapitisha waipa mara moja, nikafuata ukingo wa eneo lililofutwa kwa kipande cha sabuni ya mche. Sabuni inachora juu ya kioo, inaonekana, na inaondoka kwa maji. Ukishaona eneo waipa inalofikia, huna tena sababu ya kulenga nje yake. Halafu Maalim akakaa kwenye kiti chake kama anavyoendesha, nikaweka alama pale macho yake yanapokata kioo anapotazama barabara ya mbele. Usikae wewe badala yake. Mimi mrefu, yeye mfupi, na alama yangu ingekuwa ya bure.

Upande wa dereva, tundu moja nililipeleka juu kidogo ya alama ya macho, la pili nikalipeleka upande wa katikati ya kioo, chini kidogo. Maji yanateremka, kwa hiyo yanayopiga juu yanaosha na chini, lakini yanayopiga chini hayapandi. Kwa kipimo cha jicho, gari ikiwa imesimama, maji yapige kwenye theluthi ya juu ya eneo linalofutwa, au chini yake kidogo, yasivuke mstari wa sabuni. Sababu ni upepo. Gari ikienda kasi upepo unaukandamiza mshale wa maji kwenye kioo mapema zaidi, unaanguka chini ya pale ulipopiga gari ikiwa imesimama. Anayelenga katikati kabisa uwanjani anapata maji ya chini ya waipa barabarani.

Upande wa abiria nao haustahiki kupuuzwa. Waipa ya upande ule inafuta mpaka katikati, na kona ya kushoto ndiko watembea kwa miguu waliko, kwani tunaendesha kushoto. Kwa hiyo tundu moja lilielekezwa katikati ya eneo lake, jengine kwenye kona hiyo.

Kuhusu kifaa: nilitumia sindano nyembamba ya kushonea, yenye kupita tunduni bila ya kukwama, ikaingia kidogo tu, na gololi nikaigeuza kwa kusogeza nywele moja, natoa sindano, kijana anabonyeza, tunatazama. Kamwe usibonyeze sindano ikiwa ndani, na usiigeuze gololi kavu. Iroweshe kwanza. Ikikataa kugeuka, rudi kwenye siki, usiongeze nguvu, kwani sindano ikivunjikia ndani, nozeli imekwenda. Na mota usiibonyeze mfululizo kwa muda mrefu, sekunde chache kisha ipumzike, wala usiiache ingurume tanki likiwa tupu, maana maji yale ndiyo yanayoipooza.

Niligeuza kila tundu likiwa na majirani zake wote wanafanya kazi. Hili ni la msingi. Matundu manne yanagawana msukumo mmoja, na ukiziba moja kwa kidole ili ulione jengine vizuri, umelilenga katika hali ambayo haitatokea tena.

Tukaenda kuijaribu barabarani, Maalim anaendesha, mimi niko upande wa abiria. Tukangoja kipande kilichonyooka kisichokuwa na watu wala gari nyuma. Kwa mwendo wake wa kawaida, maji ya upande wake yalishuka kiasi cha upana wa kiganja kutoka pale yalipopiga tukiwa tumesimama, na yakabaki ndani ya eneo la waipa. Ya kushoto, tundu la kona lilishuka zaidi, tukasimama nikalipandisha kidogo. Akabonyeza tena. Maji yakatoka papo hapo, bila ya ile ngurumo tupu ya mwanzo, na waipa ikapita juu ya kioo kilichorowa. Akasema, "Kumbe ndivyo inavyotakiwa iwe." Gari hiyo anayo miaka.

Tuliporudi nikamwomba jambo moja, nalo ni maji. Kisima cha skuli kiache. Kile ni kisima cha nchi ya mawe, maji yake yana chokaa na chumvi, na kila tone linalokauka kwenye tundu linaacha ukoko. Mvua tunayo. Kinga ya paani, ukiacha mvua ya kwanza ioshe bati, chuja kwa kitambaa, weka kwenye dumu lililofunikwa. Mwenye kiyoyozi nyumbani, maji yanayodondoka nje hayana chokaa, yanafaa yakichujwa. Ikiwa huna budi na ya kisima, yachemshe, yaache yatuame, mimina ya juu na mashapo uyaache. Chokaa inapungua, ingawa chumvi haiondoki kwa kuchemsha. Sabuni ya unga usitie kabisa. Haiyeyuki yote, inajenga tope chini ya tanki, na povu lake linapokauka kwenye kioo linafanya ukungu machoni wakati wa jua. Sabuni maalumu ya kioo kwa kiasi kilichoandikwa inatosha, na bila ya hiyo maji safi matupu ni bora.

Tabia nyengine nilimwambia aiache, nayo anayo kila dereva wa njia ile: chupa ya maji mlangoni, kioo kikichafuka anatoa mkono dirishani anamwagia huku gari inakwenda. Mkono mmoja uko nje, mmoja kwenye usukani, na kwa nukta zile maji yaliyochanganyika na vumbi yanafanya kioo kisipitishe kitu. Ukilazimika, simama.

Wiki moja baadaye Maalim aliipitisha gari kama nilivyomwambia. Nozeli ya kulia, ile ya Chake Chake, ilikuwa imekaa pale pale. Ya kushoto tundu moja lilisogea kidogo, nikalirudisha. Paipu haikuwa na alama ya kubanwa. Mipira ya waipa tuliibadilisha yote miwili, kwani ule wa dereva ulikuwa umechanika ncha kwa kupita kavu muda mrefu.

Kilichobaki ni kioo. Upande wa dereva kuna mistari miwili ya upinde ambayo kucha ikipita inakwama. Mikwaruzo ya kina hiyo haipolishiki salama. Ukiisugua mpaka iishe umekitia kioo bonde, na bonde linapinda kila kitu unachokitazama kupitia hapo. Maalim aliuliza kama tukipolishe kidogo tu. Nimemkatalia. Atakaa nacho kwa sasa, atapunguza safari za usiku, na akipata kioo kizima kilichotoka kwenye gari ya aina hiyo hiyo atanipigia simu niende nikakitazame kabla hajalipa.